UZI: Kuandika na kujichapishia kitabu hapa Mombasa. Anza na masikio ya watu, mpiga chapa baadaye

BintiBiashara (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum wanajukwaa. Kila mara kuna mtu anauliza humu, "Nina mswada, nichapishe wapi?" na majibu huwa yale yale: tafuta pesa, tafuta mhariri, muombe Mungu. Nimeona nifungue uzi mrefu nieleze ninavyofanya mimi. Wenye kukosoa wakosoe, karibuni.

Mimi nauza leso dukani, Biashara Street. Fasihi niliyosoma ni ile ya sekondari tu. Naandika hadithi, nyingi za mapenzi na ugomvi wa majirani, nazitoa kwa vijitabu kwa pesa yangu mwenyewe na naviuza kwa mkono wangu.

Nianze na hili la kupata cha kuandika. Watu wanasema wanangoja fikra ije. Mtu anayekaa Mombasa akasema hana cha kuandika, huyo hajanyamaza akasikiliza. Dukani kwetu mteja hanunui leso kwa rangi peke yake. Anaikunjua, anapita pindo, anapita mji pale katikati, anafika kwenye jina, yale maneno yaliyoandikwa chini, anasoma. Kisha anarudia kwa sauti amsikilizishe shoga yake aliyekuja naye. Wakicheka, hiyo imeuzika.

Kuna siku alikuja mama mmoja wa makamo akatandaza leso tatu juu ya meza, zote majina ya kuchoma. Akaniuliza, "Hii si kali sana? Nataka imwingie, lakini asipate la kunishitakia." Nikamwelekeza ile ya katikati. Akaitazama, akaisukuma kando: "Hii ya mtu aliyekwisha shindwa." Akachukua ile kali kuliko zote, akatoka nayo hadi kwa fundi wa cherehani pale barazani aipinde hapo hapo, hakutaka hata kungoja kesho. Mimi huyo adui sikumwona wala chanzo cha ugomvi sikukijua, lakini kabla fundi hajamaliza upande wa pili nilishajua leso ile itavaliwa siku gani na itapitishwa mbele ya mlango wa nani. Nikafungua simu nikaandika mistari sita nyuma ya kaunta. Ile ni hadithi tayari, kilichobaki ni kazi.

Jina la leso lina maneno manne, matano, basi, na mnunuzi anataka yabebe kisa kizima. Ukiona sura yako ya kwanza ina kurasa tatu za jua linavyotua ufukweni Mama Ngina, jiulize kama yule mama angefungua kibeti.

Pahali pengine pa kuokota maneno ni foleni ya feri Likoni jioni, ambapo watu husimama kifua kwa mgongo na hakuna mwenye siri. Kwa mwenda kwa miguu feri haina nauli, kwa hiyo darasa hilo ni la bure. Halafu baraza za Mji wa Kale baada ya isha, muuza kahawa akipita na dele lake. Vikombe vinagongana mkononi mwake unavisikia kabla hujamwona yeye. Pale wazee wanabishana juu ya mpira, mirathi na nani alimuoa nani kwanza, wote kwa wakati mmoja. Mwanamke hawezi kukaa katika baraza hilo, najua, lakini madirisha ya kwetu yako chini na hayakuzibwa.

Tahadhari moja, maana mji wetu ni mdogo. Usimchukue mtu mzima mzima ukamtia kitabuni. Badilisha mtaa, badilisha kazi, badilisha idadi ya watoto, ubakishe ugomvi tu. Mtu akijitambua kwa ugomvi peke yake atanyamaza, kwa sababu akisema "huyu ni mimi" atakuwa amekiri.

Sasa kwenye jambo lenyewe. Mimi sichapishi kitu ambacho watu hawajakisikia. Sura ikiisha naisoma kwa sauti kwenye simu, dakika tano hadi saba, naituma kwenye kundi la WhatsApp la wateja na mashoga zangu. Kisha nangoja. Wakituma maua na makofi tu, sura hiyo imekufa, wananionea haya. Wakianza "halafu?", "ushenzi gani huu amefanya Mwanaisha!", au mtu ananipigia saa nne usiku kuniuliza kama yule mume alirudi, hapo najua kitabu kipo. Pia nikisoma kwa sauti ulimi unanionyesha palipo na sentensi mbovu. Mhariri nitamlipa baadaye, lakini ulimi wangu haunitozi.

Ndipo nachapa, na nachapa kidogo. Kijitabu cha kurasa 48, saizi ya A5, stapo katikati. Karatasi moja ya A4 ukiikunja inatoa kurasa nne, kwa hiyo kurasa 48 ni karatasi 12 pande zote mbili, na jalada juu. Ndiyo maana idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Ukienda na kurasa 50 utalipia karatasi ya ziada yenye kurasa mbili tupu. Kitabu chembamba hivyo usikubali kitiwe gundi kwenye uti, pale mgongoni pake, kitaanza kudondosha majani kikifunguliwa mara ya tatu.

Hesabu ya mfano, kila duka lina bei yake: karatasi pande mbili tuseme shilingi 8, mara 12 ni 96. Jalada la rangi la karatasi nzito 50. Kukunja, stapo na kukata kingo 20. Jumla 166. Ukiuza 300 mkono kwa mkono unabaki na 134. Ukikipeleka duka la vitabu linalotaka thuluthi, wao wanachukua 100, wewe unabaki na 34, na hapo mchora jalada na mhariri hujawahesabu. Nimesema yangu.

Kijana wa Changamwe

Dada, nimekusoma mpaka mwisho, ila hapo kwenye sauti unanipoteza. Ukishawasomea watu hadithi yote bure kwenye WhatsApp, nani atatoa 300? Mimi mwenyewe ningesikiliza nikamaliza, nikakutumia ua. Na sauti inasambazwa mpaka Oman huko, hata jina lako halijulikani tena.

BintiBiashara

Yakhe, sikusema hadithi yote. Natuma sura za mwanzo, tena naikata pale pabaya. Zilizobaki zimo kwenye kitabu. Na kila sauti naianza kwa kutaja jina langu na jina la hadithi, na katikati pia nalitaja, ili anayekata mwanzo bado akutane nami. Ikifika Oman alhamdulillahi, wapwani wenzetu wako huko na wana hamu ya maneno ya kwao. Kinachoniumiza ni PDF. Ukimuuzia mtu mmoja PDF umeliuzia kundi zima, na hakuna mlinzi wa mlango. Kwa hiyo PDF mimi siuzi.

Mzee wa Marikiti

Mwanangu BintiBiashara, unachofanya si kigeni katika mji huu, na vijana wajue. Mshairi wetu Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840 na hakuacha kitabu hata kimoja. Mashairi yake yalikuwa yakisemwa na kujibiwa hapa Mvita, watu wakayahifadhi vifuani. Baadaye sana, karne ile ikielekea ukingoni, Mwalimu Sikujua akazunguka akiyakusanya kwa waliokuwa bado wanayakumbuka, akishirikiana na yule mmishonari Taylor. Diwani yake ilipochapwa ilichapwa Johannesburg, mwaka 1940. Hesabu mwenyewe: miaka mia kamili baada ya kuzikwa. Na yalidumu hiyo mia kwa sababu yalikuwa matamu kusemeka. Kama angeyaandika akayafungia sandukuni, leo tusingekuwa na hata beti.

Na hili la kujichapishia: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti lake Al-Islah hapa hapa Mombasa mwaka 1932, Kiswahili na Kiarabu, na hakungoja kampuni ya Nairobi wala ya London imwambie kama lina soko. Alikuwa na jambo la kuwaambia watu wake, akalichapa. Kwa hiyo nyinyi mnaoona haya kusema "nimejichapishia" kana kwamba mmekataliwa posa, acheni.

Mwalimu Kisauni

Shukran Mzee, somo zuri. Mimi niongeze la uchungu kidogo. Niliwahi kupeleka diwani ya wanafunzi wangu kwa mpiga chapa mmoja mjini, simtaji. Tulikubaliana karatasi ya gramu 80 nyeupe, nikalipa yote kabla. Nakala zilipokuja karatasi ni nyepesi mpaka unasoma shairi la nyuma kupitia la mbele, na kurasa za 17 hadi 20 zimeingia kichwa chini miguu juu. Kuuliza, naambiwa "mwalimu, mashairi hayana mpangilio, nani atajua?" Watoto walikuwa wamealika wazazi. Tulizigawa vile vile, mzazi mmoja akawa anakigeuza kitabu juu chini kama usukani wa tuktuk, anasoma huku akicheka.

Ushauri: lipa nusu. Dai nakala moja ya majaribio, iliyokunjwa na kushikwa stapo kama itakavyokuwa, si kurasa za kwenye skrini. Uisome ukiwa umekaa, kalamu nyekundu mkononi, utie sahihi, wao wabaki na moja na wewe moja. Zikija tofauti na ile, una la kusema.

BintiBiashara

Maalim, pole sana, na hilo la sahihi nalichukua. Niongeze: peleka na kipande cha karatasi unayoitaka, wakiguse. "Gramu 80" kwa mdomo kila mtu anakubali.

Shangazi Mtwapa

Wenzangu naomba mnisaidie kwa lugha nyepesi. Mimi nina riwaya, kurasa zinakaribia mia mbili. Naambiwa nahitaji ISBN, naambiwa nahitaji hakimiliki, mtu mmoja ananiambia nimpe pesa anisajilie vyote. Ni lazima?

BintiBiashara

Shangazi shikamoo. Pesa usimpe bado.

Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika. Kwa sheria ya Kenya inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, wanufaike warithi. Kusajili kwa KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, si sharti la kuipata, ila ukija kugombana na mtu cheti hicho ni ushahidi mzuri, na unaweza kujisajilia mwenyewe kwa mtandao. Kwa riwaya ya kurasa mia mbili ningesajili. Vijitabu vyangu vya mwanzo nilijitumia barua pepe tu zikabaki na tarehe.

ISBN ni nambari ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na huduma ya maktaba ya taifa, KNLS. Za Kenya utaziona zinaanza na 978-9966 au 978-9914. Ukiuza mkono kwa mkono kama mimi, unaweza kuishi bila hiyo. Ukitaka kuingia maduka ya vitabu na maktaba, itakubidi. Na kila umbo la kitabu lina nambari yake: cha karatasi mbali, cha kielektroniki mbali. Sheria ya vitabu pia inataka mchapishaji apeleke nakala serikalini, na mchapishaji hapo ni wewe. Wengi hawafanyi. Mimi napenda kufanya, kwa sababu kitabu kilichomo maktabani hakifi nikifa mimi.

Kwa kurasa mia mbili sasa gundi kwenye uti inafaa. Muulize mpiga chapa kama anatumia mashine ya dijitali au ofseti. Ofseti ina mabamba ya kuchapia, na gharama ya mabamba ni ile ile uchape nakala 50 au 5,000, ndiyo maana ukichapa chache kwa ofseti kila nakala inakuwa ghali mno. Nakala chache, dijitali. Usishawishike na "ukichapa elfu moja bei inashuka." Bei inashuka, kitanda chako kinapanda juu ya maboksi.

Kijana wa Changamwe

Hapo kwenye maboksi umenipata. Jirani yetu ana vitabu vya mtu chini ya ngazi tangu kabla ya korona. Mchwa ndio wasomaji.

Mpita Njia Nairobi

Nyinyi wapwani mnajidanganya na hivi vijitabu. Kitabu kinachouza Kenya ni kile kilichopita KICD, taasisi ya mitaala, kikaingia shuleni. Vingine vyote ni burudani ya mwandishi. Na kodi ya VAT asilimia 16 iliyowekwa kwenye vitabu tangu 2013 imemaliza kabisa.

BintiBiashara

Kwa pesa nyingi, umesema kweli, shule ndiyo soko. Lakini ukiandikia KICD unaandikia kamati, na hadithi ya mama na leso yake kali haitapita kamati bila kuvuliwa nguo zote. Mimi wateja wangu ni wanawake wanaokuja kununua leso za harusi. Hawajanunua kitabu tangu walipomaliza shule, si kwa sababu hawapendi hadithi, kwa sababu vitabu wanavyovijua vyote vina maswali nyuma. Kijitabu changu wanakitia kwenye mfuko pamoja na leso. Kuna mmoja alichukua vitano kumpa kila bibi harusi anayemjua, na najua hadithi ile haifai kabisa kwa bibi harusi.

Hilo la VAT nakuunga mkono, ni dhuluma.

MwanaTanga

Habari za huko majirani. Swali la fasihi sasa: unaandika Kimvita au Kiswahili sanifu? Maana mimi nikisoma mazungumzo ya huko kwenu nafurahi, ila nikiandika ya Tanga wahariri wananisahihisha.

BintiBiashara

Karibu sana. Msimulizi wangu anasema sanifu, wahusika wanasema wanavyosema. Siwezi kumfanya bibi wa Kibokoni azungumze kama msomaji wa taarifa ya habari, hata yeye atakataa. Msomaji wa bara akikutana na neno asilolijua, linalolizunguka linamsaidia. Sitii faharasa nyuma. Mhariri akikusahihisha mazungumzo, muulize kama mama yake nyumbani husema hivyo.

Mwalimu Kisauni

Hapa nakupinga kidogo. Mhariri mzuri ni wa lazima hata kwa kijitabu. Nimesoma kimoja chako (nilikinunua, usijali) na kuna pahali shangazi wa mhusika anakufa sura ya pili kisha sura ya nne anapika mahamri.

BintiBiashara

😂😂 Maalim! Huyo ni shangazi wa upande wa baba, aliyekufa ni wa mama. Lakini kama mwalimu mzima amechanganyikiwa, kosa ni la jina, wote wawili ni Bi Zuhura. Chapa ya pili mmoja atabadilishwa. Hiyo nayo ni faida ya kuchapa nakala chache.

Na sijakataa mhariri. Nasema umlete baada ya watu kusikia, si kabla, asije akalipwa kunyoosha hadithi ambayo hakuna aliyeiuliza "halafu?"

Kijana wa Changamwe

Haya nimekubali nusu. Mimi sauti yangu si nzuri, na nyumbani hatuna pahali pa utulivu. Nyinyi mnaandikia wapi?

Mwalimu Kisauni

Maktaba ya Msanifu Kombo asubuhi, kabla wanafunzi wa mitihani hawajajaza viti. Na pale Swahilipot karibu na Fort Jesus kuna vijana wa sanaa, nenda uwasikilize wanaosema mashairi jukwaani, utajifunza kusimama mbele ya watu.

BintiBiashara

Mimi kaunta ya duka wakati wa joto la mchana wateja wakipungua, na kitandani usiku umeme ukiwepo. Ukisema unangoja chumba chenye dirisha linalotazama bahari, chumba hicho wanakaa watalii.

Kuhusu sauti, mpe mtu mwingine asome. Mwenzangu mmoja hadithi zake anasomewa na bibi yake, na bibi anaongeza ya kwake humo humo. Mara nyingine ya bibi ndiyo mazuri.

Shangazi Mtwapa

Ahsante mwanangu, umenifungua macho. Yule wa kusajili nimemwambia asubiri. Sasa mbona nisipeleke mswada kwenye shindano kwanza?

BintiBiashara

Peleka shangazi. Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, ile iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, inapokea miswada ambayo haijachapishwa, na ina upande wa riwaya na upande wa ushairi. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kuchapa chochote, usije ukajifungia mlango. Ila usikae mwaka mzima ukingoja simu. Huku unangoja, wasomee wanawake wa Mtwapa sura mbili.

Jirani wa Likoni

Mimi siandiki, mimi nasoma. Hivi vijitabu vinapatikana vipi? Na kile cha leso kali kimeshatoka au bado unatutesa?

BintiBiashara

Kiko kwa mpiga chapa, nakala ya majaribio nimeitia sahihi jana (na bado sijamsikia Maalim akinipongeza). Nimeongeza kurasa mpaka 52, zinagawanyika kwa nne, msianze. Bei itabaki 300, lipa kwa M-Pesa au taslimu. Walio Likoni na Mtongwe nitavuka Jumamosi baada ya alasiri, nitakuwa upande wa pili pale nje ya lango la feri, nina buibui na mfuko mkubwa wa leso. Walio mbali natuma kwa basi, nauli ya mzigo juu yako.

Jirani wa Likoni

Niwekee viwili. Kimoja cha jirani yangu, na nakiweka juu ya meza makusudi akione.